KIHARUSI KIDOGO: Dalili Zikipita Usiseme Umepona

Hii mada nimekuwa nikiiahirisha muda mrefu, leo nimeamua niiandike mpaka mwisho. Inahusu kile kiharusi kinachokuja dakika chache kisha kinaondoka chenyewe, ambacho mitaani wengi tunakiita "mshtuko tu" au tunasema "upepo umempitia".

Niseme mapema: mimi si daktari, elimu yangu imeishia kidato cha nne. Nilichofanya ni kusoma, kuuliza wanaojua, halafu kuyaweka kwa lugha yetu ya kila siku. Kama yupo mdau ambaye ni daktari au muuguzi na akaona nimeteleza, anirekebishe kwenye maoni.

KISA CHENYEWE

Mwaka 2022, Jumanne moja asubuhi, Baba Mdogo alikuwa amekaa kibarazani kwetu Mbagala anakunywa chai. Ghafla kikombe kikamponyoka. Mama akamuuliza, "Vipi shemeji?" Akajibu, lakini maneno yalitoka kama ya mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Upande wa kulia wa mdomo ulikuwa umelegea. Hata dakika kumi hazikufika, akarudi sawa kabisa. Akaokota vipande vya kikombe mwenyewe, na sisi tukamtania kwamba uzee umeanza kubisha hodi.

Kesho yake akaenda zahanati peke yake, akajieleza kwamba mwili umechoka na ana kizunguzungu. Akapimwa malaria, hakuna. Presha ilisoma 170 kwa 100. Akapewa vidonge vya maumivu, akaambiwa apumzike. Alhamisi alfajiri hakuweza kuinuka kitandani. Upande wote wa kulia umekufa, maneno hayatoki.

Nimefikiria sana jambo hili. Yule aliyempima aliambiwa "uchovu", akatafuta sababu ya uchovu. Habari yenyewe ya kikombe na mdomo tulikuwa nayo sisi tuliokuwepo, na hakuna aliyekwenda naye kuisema. Ndiyo maana naandika hii.

NI KITU GANI HASA?

Ubongo unaishi kwa damu inayopita kwenye mishipa. Mshipa ukizibwa na damu iliyoganda, sehemu ya ubongo inayotegemea mshipa huo inakosa hewa na sukari na kuacha kufanya kazi. Ikikaa hivyo inakufa. Hicho ndicho kiharusi cha kuziba. Kipo na kile cha mshipa kupasuka na damu kuvujia ndani ya kichwa.

Sasa, kuna wakati lile donge linaziba kidogo halafu linayeyuka au kusogea lenyewe kabla ubongo haujaharibika. Damu inarudi, mkono unarudi, maneno yanarudi. Hicho ndicho kiharusi kidogo, na madaktari wanakiandika kwa kifupi TIA. Mara nyingi kinachukua dakika chache, na vingi haviwezi kumaliza saa moja. Zamani vitabu vilisema chochote kinachopita ndani ya saa 24 kihesabiwe TIA, siku hizi madaktari wanaangalia zaidi kama picha ya ubongo inaonyesha kidonda au la.

Neno "kidogo" lisikudanganye. Donge limetoka mahali, na pale lilipotoka bado pako vilevile. Huenda ni mafuta yaliyojijenga kwenye mshipa mkubwa wa shingo, huenda ni moyo unaodunda bila mpangilio na kugandisha damu, huenda ni presha iliyoharibu mishipa midogo kwa miaka mingi. Donge lijalo linaweza lisiyeyuke.

Takwimu moja ya kukumbuka: katika utafiti uliofanyika Oxford, Uingereza, na kutangazwa mwaka 2007, kati ya kila wagonjwa 100 waliopata TIA au kiharusi chepesi, kama 10 walipata kiharusi kipya ndani ya siku 90. Walipoanza kuwapima na kuwatibu mara moja, idadi ikashuka hadi kama 2. Na hatari kubwa zaidi iko kwenye siku mbili za mwanzo. Baba Mdogo alikaa Jumanne na Jumatano, Alhamisi ikamkuta.

KWETU TUKOJE?

Msidhani haya ni magonjwa ya wazungu au matajiri. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifuatilia viharusi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na eneo la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walikuwa kama watu 109 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Dar walikuwa kama 316! Na presha isiyotibiwa ilikuwa miongoni mwa visababishi vikubwa.

Tena watafiti walipouliza watu kiharusi kinatoka wapi, wengi wa Dar walitaja majini na kulogwa, wakati wa Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Mimi sitaki kugombana na imani ya mtu. Ninachosema, ukitaka dua au kombe, fanya, lakini pitia hospitali kwanza. Dua inaweza kusomwa hata kwenye benchi la mapokezi.

DALILI ZAKE

Alama kubwa ni GHAFLA. Sekunde hii mzima, sekunde inayofuata kuna kitu kimepotea:

- Uso kulegea upande mmoja
- Mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu au kufa ganzi
- Maneno kukokota, au mtu kukosa neno la kusema, au kutoelewa anachoambiwa
- Jicho moja kuingia giza kama pazia limeshushwa, au kutoona upande mmoja
- Kuona vitu viwili viwili
- Kuyumba na kupoteza mwelekeo, hasa ikiambatana na mojawapo ya hizo za juu

Mara nyingi haiumi. Hapo ndipo tunapokosea, maana tumezoea kwamba ugonjwa mkubwa lazima uume.

Na si ya wazee peke yao. Mwenye presha, sukari, moyo, anayevuta sigara, aliyewahi kupata kiharusi, wote wako kwenye foleni. Hata mtoto mwenye selimundu anaweza kupata.

JINSI YA KUPIMA PALEPALE NYUMBANI

Tangu mwaka 1998 Uingereza wana kipimo chepesi cha kuangalia uso, mkono na maneno, na kimesambaa dunia nzima. Kifupi chao ni cha Kiingereza, kwa hiyo mimi nimejitungia cha kwetu ili bibi na dogo wa darasa la tatu wote wakishike: UMMA. Yaani Uso, Mkono, Maneno, Anza safari.

U - USO. Mwambie atabasamu au aonyeshe meno. Angalia kama pembe zote mbili za mdomo zinapanda sawa. Kama ni mtu ambaye uso wake una hitilafu ya zamani, linganisha na alivyokuwa jana.

M - MKONO. Akae, anyooshe mikono yote miwili mbele usawa wa mabega, viganja vikiangalia juu, afumbe macho. Hesabu taratibu moja mpaka kumi. Mkono mmoja ukishuka, au kiganja kikijigeuza chenyewe kuangalia chini, hiyo ni alama. Kufumba macho ni muhimu, maana akiuona mkono unashuka ataurudisha.

M - MANENO. Mpe sentensi rahisi airudie, kwa mfano "Leo asubuhi nimekunywa chai na chapati mbili." Usimpe ile ya watu wa Liwale na wali wao, pale hata mzima ulimi unajikunja! Halafu mwonyeshe funguo au kijiko umuulize hiki nini. Kuna anayejua neno lakini linatoka limevurugika, na kuna anayetamka vizuri lakini neno lenyewe limepotea au anasema lisilohusu. Zote mbili ni alama.

A - ANZA SAFARI. Hata MOJA tu kati ya hizo tatu ikionekana, safari ya hospitali inaanza. Usisubiri zitimie zote.

Ukipata nafasi ongeza vitu viwili: mfunike jicho moja moja umuulize anaona nini, na muulize kama anasikia kuyumba. Asisimame peke yake kukuonyesha, ataanguka.

Najua kuna suala la heshima. Utamwambiaje Babu akenue meno? Sema tu, "Samahani Babu, hebu nisaidie kidogo, nionyeshe meno, halafu ninyanyulie mikono." Akikukaripia kwa ukali na maneno yaliyonyooka, angalau kipimo cha maneno amefaulu.

Lakini hapa nataka tuelewane vizuri. Kipimo cha nyumbani kina kazi moja tu: kukuambia NENDA. Hakina uwezo wa kukuambia usiende. Kuna viharusi vya sehemu ya nyuma ya ubongo ambavyo UMMA haivioni vizuri. Na kama mkono ulidondosha kikombe saa moja, ukipima saa moja na robo ukakuta mkono uko imara, hiyo haifuti kilichotokea. TIA nyingi zikipimwa baadaye zitaonekana safi kabisa, kwa sababu zimeshapita.

VITU VINAVYOFANANA NAYO

Sukari kushuka. Huyu anaweza kuongea ovyo na hata kulegea upande mmoja. Kama nyumbani kuna mashine ya sukari, pima. Ikiwa chini ya 4 na yuko macho na anameza vizuri, mpe glukosi au soda yenye sukari, halafu bado mpeleke.

Kipandauso. Mara nyingi kinaongeza vitu: mianga, vimulimuli, ganzi inayotambaa polepole kutoka vidoleni kupanda juu, kisha kichwa kinauma. TIA inapunguza: nguvu inapotea, maneno yanapotea, kuona kunapotea, tena kwa mpigo.

Uso kupooza peke yake. Upo ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa uso, ambapo nusu nzima ya uso inalegea pamoja na paji, na jicho halifungi, lakini mkono na maneno viko sawa. Kiharusi kwa kawaida kinaacha paji la uso likiweza kukunjamana.

Kifafa. Baada ya kutikisika, mtu anaweza kubaki na mkono mlegevu kwa muda.

Kuzitofautisha hizi ni kazi ya daktari. Nimeziweka ili usishangae ukiulizwa maswali mengi, si ili ujipe jibu ukae nyumbani.

USIFANYE HAYA

1. Usimpe asprini wakati dalili bado zipo. Inaweza kuwa mshipa umepasuka, na asprini itazidisha kuvuja. Hata zikiisha, acha daktari aamue.

2. Usimpe vidonge vya presha vya jirani wala kumzidishia vyake "ili ishuke haraka". Presha ikishuka kwa kasi wakati ubongo unahangaikia damu, unaumiza zaidi.

3. Usimnyweshe wala kumlisha kama uso umelegea au maneno yanakokota. Chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Yule wa sukari niliyemtaja ni anayemeza vizuri tu.

4. Usimpakie bodaboda. Mkono ukikosa nguvu tena barabarani atadondoka. Tafuta bajaji au gari, akae katikati ya watu wawili.

5. Usimwambie "lala kwanza, ukiamka tutaona". Hii ndiyo mbaya kuliko zote.

SAA NA USHAHIDI

Jambo la kwanza ukiona dalili, tazama saa. Andika muda wa mwisho alipoonekana mzima kabisa, kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kama aliamka nazo, muda wa kuhesabu ni ule aliokwenda kulala akiwa mzima. Kama una simu yenye kamera, rekodi sekunde chache za uso na maneno yake huku mwenzako anatafuta usafiri. Siyo ya kurusha kwenye magrupu, ni ya daktari.

Ukifika hospitali, mtu aliyeona aongee. Usiseme "alijisikia vibaya". Sema hivi: "Saa moja na nusu asubuhi mkono wa kulia uliishiwa nguvu ghafla, mdomo ukalegea kulia, maneno yakavurugika, ikachukua dakika kumi ikaisha. Tunaogopa ni kiharusi kidogo." Sentensi hiyo inabadilisha vipimo vyote vitakavyofuata. Beba na dawa zote anazotumia, hata za mitishamba.

VIPIMO VYA HOSPITALI

Presha, mikono yote miwili ikiwezekana. Sukari. Picha nzima ya damu na lehemu.

CT-Scan ya kichwa. Kazi yake kubwa ni kuonyesha kama kuna damu imevuja. Kwa mtu wa TIA mara nyingi inatoka safi, na hiyo haimaanishi kwamba hakikuwa kiharusi kidogo. MRI inaona zaidi, hata kidonda kidogo cha siku hizo. Miaka ya karibuni CT-Scan zimefungwa kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa, kwa hiyo si lazima tena kila mtu akimbilie Muhimbili, KCMC au Bugando. Zahanati wakisema hawana, omba rufaa siku hiyohiyo.

ECG, ile ya kubandikwa nyaya kifuani, kuangalia kama moyo unadunda bila mpangilio. Hali hiyo inaweza kuja na kuondoka, ndiyo maana wengine wanavalishwa kimashine siku nzima au zaidi. Eko ya moyo nayo inaangalia vali na madonge.

Ultrasaundi ya mishipa ya shingo. Ni ileile teknolojia ya wajawazito, ila inapita shingoni kuona kama mshipa umebanwa na mafuta. Ikikutwa umeziba sana upande unaohusika, kuna operesheni ya kuusafisha, na inafaa zaidi ikifanyika ndani ya wiki mbili.

Matibabu ndiyo yanategemea hayo. Wengi wanapewa asprini, wengine pamoja na klopidogreli kwa wiki chache za mwanzo, dawa ya lehemu, na za presha. Mwenye moyo wa kudunda ovyo anapewa dawa nzito zaidi ya kuzuia damu isigande. Dawa za presha ni za kila siku, hata siku unayojisikia bondia. Dereva asishike usukani mpaka daktari amruhusu.

AKIKATAA KWENDA?

Wengi watakataa. "Niacheni, si nimeshapona?" Usibishane kama amepona au la. Mwambie, "Kweli umepona, ndiyo maana tunawahi. Ukipooza tutachelewa." Tafuta mtu anayemsikiliza, kaka mkubwa, shehe, mchungaji, au yule mjukuu kipenzi. Na suala la pesa tunalijua sote, lakini linganisha nauli na vipimo vya leo na gharama ya kumgeuza mtu kitandani miaka mitano.

Baba Mdogo yupo hai, tunamshukuru Mungu. Anatembea kwa fimbo hadi kibarazani. Maneno hayajarudi ila moja, "sawa". Ukimsalimia, sawa. Ukimuuliza ana njaa, sawa. Ukimuuliza anaumwa, sawa. Inabidi umtazame usoni ndipo ujue ipi ni ndiyo na ipi ni hapana.

Wadau, nawaomba kitu kimoja tu. Leo jioni wafundisheni walioko nyumbani kwenu hizo herufi nne. Anayeweza kukuokoa ni yule atakayekuwepo dakika ile kikombe kinaanguka, na huenda ni mtoto.

Naomba kuwasilisha. Kama na kwenu iliwahi kutokea, tuandikie mlifanya nini, wengine wajifunze.